Mashavu na Mayai ya Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wangu, sogeeni. Mwenye karanga atafune taratibu asinifunike sauti, na mwenye usingizi amwegemee jirani yake. Leo tunasafiri, na safari yenyewe ni ya miguu mifupi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiamkiana njiani, palikuwa na nguchiro. Nguchiro mnamjua. Mwili mrefu, miguu mifupi, pua haitulii hata kidogo. Nguchiro huyu alikuwa binti, jina lake Mashavu. Aliishi na ukoo wake ndani ya kichuguu kikubwa pembeni mwa mbuga.

Asubuhi nguchiro wote walitoka kutafuta chakula. Chimba, tafuna, songa mbele. Chimba, tafuna, songa mbele. Mashavu yeye alichimba kidogo, akasimama.

"Mashavu! Umeona nini tena?"

"Nimemwona siafu, Mama. Amebeba bawa la kumbikumbi, kubwa kuliko yeye! Anayumba nalo kama mtu aliyebeba mlango!"

"Na chakula chako?"

"Nimesahau."

Ndivyo alivyokuwa. Akimwona kinyonga, atakaa hapo mpaka kinyonga amalize kuvuka tawi, na kinyonga, jamani, si wa kumaliza leo. Wadudu aliwala, msinielewe vibaya. Mtoto wa nguchiro hali majani. Lakini hata mende alimtazama kwanza, akamsifia mgongo unavyong'aa, ndipo akamtafuna.

Siku moja korongo alitua karibu na kichuguu kupumzisha mbawa. Akasema, "Huko nilikotoka, kwenye ziwa la magadi, kuna heroe. Ndege wengi hata maji huyaoni. Rangi yao kama ndani ya pera lililoiva."

Basi! Tangu hapo Mashavu akawa hana raha. Akila, heroe. Akichimba, heroe. Mwisho akamwendea mama yake.

"Mama, nataka kwenda kuwaona heroe."

Mama akasema, "Miguu unayo, mwanangu, nenda. Ila ujue kitu kimoja. Huko njiani hakuna anayemjua Mashavu. Wanamjua Nguchiro tu, na wanamjua kwa kula mayai."

"Nitawaambia kwamba mimi nawapenda."

Mama akacheka, akamlamba paji la uso. "Haya. Waambie."

Mashavu akashika njia. Tipu tipu tipu, miguu mifupi hiyo, mkia nyuma unafuata. Na kwa kuwa alitaka kila mtu ajue nia yake, akatunga wimbo:

*Napita tu, natazama tu,*
*Sing'ati, sishiki, natazama tu!*

Imbeni nami, msiniachie peke yangu.

*Napita tu, natazama tu,*
*Sing'ati, sishiki, natazama tu!*

Wa kwanza kukutana naye alikuwa Mzee Kobe, anakula ua la manjano. Kobe aliposikia vishindo, fyup! kichwa ndani. Mashavu akakaa chini, akangoja. Akangoja. Akangoja. Kichwa kikachungulia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Natazama unavyotafuna."

"Basi?"

"Basi."

Kobe akafikiri. Kobe akifikiri, pika chai kabisa. Halafu akasema, "Miaka yote hii hakuna aliyewahi kunitazama nikila. Wananigonga mgongoni tu, ko ko ko, kuona kama kuna mtu." Akatafuna lile ua polepole zaidi, kwa madaha, ili mgeni aone vizuri. Kisha akamwonyesha njia ya ziwani.

Tipu tipu tipu. Akafika penye miti minne myembamba, imesimama pamoja. Mashavu akaanza kuisifia ile miti. Mara mti mmoja ukanyanyuka, ukaenda! Kumbe ni miguu ya Twiga.

"Dada Twiga! Huko juu unaona nini?"

Twiga akatafuna, akatazama mbali. "Naona kitu cheupe kinang'aa. Hilo ni ziwa. Na ukingoni mwake naona kitu kama wingu la jioni limeanguka chini."

"Ndio wao!" Mashavu akaruka. "Ndio heroe!"

Lakini ndege, loo! Ndege hawakutaka hata kumsikia. Akikaribia mti, purrr! wanaruka wote. "Nguchiro! Nguchiro! Ficheni mayai!" Akiimba wimbo wake, wanapiga kelele zaidi. Na minana, wale ndege wanaosuka viota, waliokuwa juu ya mti wa mgunga walimjibu kwa namna yao. Pwata! Kichwani. Mashavu akajipangusa kwenye nyasi, akaendelea na safari, lakini wimbo wenyewe ukawa unatoka kwa sauti ya chini.

Karibu na ziwa ardhi ikabadilika. Ngumu kama tofali, nyeupe kwa magadi. Ukichimba unaumia kucha. Hakuna mende, hakuna mchwa. Tumbo la Mashavu likaanza kusema: kuru, kuru, kuru.

Jua lilikuwa utosini alipofika kwenye nyasi ndefu za mwisho kabla ya ziwa. Hapo katikati ya nyasi akamkuta Mama Kanga ameketi, amekunjua madoadoa yake kama shuka. Na chini ya bawa, kwa pembeni, Mashavu akaona yai. Rangi ya chai ya maziwa. Limetulia. Zuri!

Kanga akamwona. "Kekekekeke! Toka! Toka hapa!"

"Shikamoo, Mama Kanga. Mimi ni Mashavu. Napita tu, natazama—"

"Wimbo mzuri," Kanga akamkata. "Mwaka jana alikuja nguchiro mwingine. Hakuimba, lakini alitabasamu vizuri sana. Sikubakiwa na hata ganda."

"Mimi si yeye."

"Pua ni ileile. Meno ni yaleyale. Toka!"

Mashavu akarudi nyuma, akaketi mbali kidogo, akasema moyoni, nitakaa hapa nimtazame kwa upole, ataona mwenyewe kwamba mimi ni mwema. Akakaa. Akatazama. Kanga naye akamtazama. Jua likawaka. Kanga akafungua mdomo, akahema. Akatazama maji kule ziwani, kwenye kijito kinachoingiza maji matamu. Akainuka nusu. Akamwona Mashavu. Akaketi tena.

Akainuka nusu. Akamwona Mashavu. Akaketi tena.

Ulimi wake ulikuwa umekauka, shingo imelegea. Hapo ndipo Mashavu akaelewa, na alipoelewa masikio yake yalishuka kwa aibu. "Ana kiu," akajisemea. "Ana kiu, na anayemzuia asinywe ni mimi. Mimi ninayesema nampenda."

Akasimama. "Mama Kanga, nakwenda. Nenda kanywe maji."

Mashavu akaondoka kweli, tipu tipu tipu, hakugeuka nyuma. Alipokuwa mbali ndipo akasikia mbio za Kanga, ta ta ta ta, kuelekea kijitoni.

Sasa sikilizeni. Kabla Mashavu hajaendelea sana, akahisi kitu chini ya nyayo. Ardhi inatetemeka. Ndu. Ndu. Ndu. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akachungulia. Vumbi! Na ndani ya vumbi, pembe. Nyati! Kundi zima linakuja kunywa, limesikia harufu ya maji na halina subira, na njia yao ilipita palepale penye nyasi, palepale penye mayai.

"Mama Kanga!" akaita. "Mama Kanga!" Lakini Kanga ameinamisha shingo, anakunywa, na vishindo vimemeza kila sauti.

Mashavu akageuka. Mbio! Tipitipitipitipi! Akafika kwenye kiota. Mayai yote wazi, yana joto, yamelala pamoja. Na kule kijitoni Kanga akainua kichwa, akamwona nani? Nguchiro juu ya mayai yake.

"Kekekekekeke! Nilijua! Nilijua mimi!"

Ndu, ndu, ndu. Nyati wanakuja.

Tumbo la Mashavu nalo likasema. "Kuru, kuru. Mashavu, ee Mashavu. Haya mayai yanapondwa sasa hivi. Hayana bahati tena. Kula moja. Moja tu. Utakuwa umemkosea nani?"

Jamani, lilikuwa neno tamu. Mate yakamjaa mdomoni. Akaliangalia yai lililo karibu, na ndani yake akasikia, tk. Tk. Kitu kidogo kinagonga, kinataka kutoka.

"Nyamaza wewe tumbo!" Mashavu akasema. Akaruka mbele ya kiota, akasimama wima kwa miguu ya nyuma, manyoya yamemsimama, mkia kama brashi ya chupa. Akapiga kelele. "Simameni! Simameni! Kuna mayai hapa!"

Nani amsikie? Nyati mkubwa, nguchiro hafiki hata gotini. Ndu, ndu, ndu. Vumbi likamfunika. Akaruka juu, akaanguka. Akaruka tena juu kuliko nyasi, akaanguka.

Lakini mgongoni mwa nyati wa mbele kulikuwa na abiria. Ndege wadogo wenye midomo myekundu, wale wanaokula kupe. Mashavu aliporuka mara nyingine, wakamwona.

"Krrrii! Nguchiro! Nguchiro! Krrrii!"

Na nyati, hata kama hasikii nguchiro, ndege wake huwasikiliza. Wakipiga kelele, yeye husimama kwanza, maswali baadaye. Nyati wa mbele, jike kubwa lenye pembe zilizopinda, akafunga breki. Grrrp! Wa nyuma wakamgonga wa mbele, wa nyuma yao wakawagonga wao. Pua kubwa yenye majimaji ikashuka, ikasimama mbele ya uso wa Mashavu. Fuuuu! Pumzi ile ilimrudisha nyuma mpaka akayagusa mayai kwa mkia.

"Nani huyu?" akauliza Bibi Nyati.

Mashavu hakukimbia. "Shikamoo, Bibi. Mimi ni Mashavu. Nyuma yangu kuna mayai ya Mama Kanga. Amekwenda kunywa maji. Nakuombeni mpite pembeni."

Bibi Nyati akamnusa.

"Ngoja," Bibi Nyati akasema. "Wewe ni nguchiro?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na unalinda mayai?"

"Ndiyo, Bibi."

"Umekula leo?"

"Bado, Bibi." Na tumbo, lisilo na adabu, likaongeza: kuru!

Bibi Nyati akaanza kucheka. Nyati akicheka, wanangu, tumbo linatikisika mpaka kupe wanaanguka. "Mmmhu! Mmmhu! Mmsikie huyu! Nguchiro ana njaa, na analinda mayai!" Kundi zima likapokea kicheko. Hata wale ndege walicheka, ingawa wao walikuwa wamekasirika kidogo kwa kushtuliwa bure. Kisha Bibi Nyati akapaza sauti, "Geukeni! Nusu kulia, nusu kushoto! Anayekanyaga yai atanieleza!"

Wakagawanyika. Mlima wa miili ukapita huku, mlima ukapita huku, na katikati akasimama nguchiro mdogo, amefumba macho.

Vumbi lilipotulia Kanga alifika, mbio na kelele. Akaligusa yai la kwanza kwa mdomo. Akaligusa la pili. Akayagusa yote. Hakuna lililokosekana. Akamgeukia Mashavu.

"Fungua mdomo."

Mashavu akafungua. Kanga akachungulia kushoto, akachungulia kulia. Vumbi tupu na jani moja la nyasi.

Kanga akaketi kwenye mayai yake, akawa haongei, na Kanga kutoongea si jambo dogo. Mwisho akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Kaa hapa karibu, mwanangu. Mkia wako uweke upande ule."

Na njaa ya Mashavu? Msihofu. Nyati hawapiti mahali bure. Walikuwa wameacha mavi mabichi, na mavi yakawaita mende, vuuu, vuuu, wanene, wanaong'aa. Mashavu alikula mpaka akalala chali. Sikuambieni kama aliwasifia migongo kwanza. Nafikiri siku hiyo alisahau.

Jua likateremka. Chini ya bawa la Kanga ganda likapasuka, kri, na kichwa chenye unyevu kikachomoza. Kitu cha kwanza alichokiona kifaranga yule duniani kilikuwa pua ya nguchiro. Hakuogopa. Aliipigia chafya.

"Nenda sasa ukawaone heroe wako, ila ukifika nyasi zinapoisha, lala chini," Kanga akasema. "Usikimbie, usiimbe."

Mashavu akaenda kimyakimya. Akalala chini. Na mbele yake, enyi watu, walikuwepo! Miguu mirefu, shingo zimepinda, vichwa ndani ya maji, wote wanatembea pamoja kana kwamba kuna ngoma wanayoisikia wao tu. Waridi juu, waridi ndani ya maji. Heroe mmoja mzee akainua shingo, akasimamisha macho upande wa nyasi. Mashavu hakungoja kufukuzwa. Akarudi nyuma hatua chache, akalala tena. Heroe akamtazama kidogo zaidi. Kisha akainamisha kichwa, akaendelea kula.

Mashavu akatazama mpaka macho yakashiba.

Basi wadogo kwa wakubwa, mkimpenda kiumbe, msiishie kumwambia kwamba mnampenda. Akihitaji nafasi, mwachieni. Akiwa hatarini, simameni naye, hata kama matumbo yenu yanataka mengine. Hapo ndipo atakapowaamini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeiweka katikati yetu, haina mwenyewe. Atakayeipenda aiokote, akaisimulie kwao.