Rudia Mara Tatu

Hapo zamani, miungu ilipokuwa bado inashuka kwetu, binti wa Mfalme wa Mawingu alishuka kule Uyunani akajiunga na kundi la maigizo ya nyimbo na vichekesho. Ianta jina lake. Akaolewa na mchekeshaji Lukoni, akazaa mtoto wa kike, akapasahau kwao.

Babaye akakasirika. "Rudi! Mtoto abaki huko huko chini." Ianta akalia, akalia, mpaka mzee akalegeza kidogo: "Haya. Imba kesho. Watu wakikuambia 'Rudia!' mara tatu, kaa na mwanao. Ukiondoka jukwaani kabla ya hapo, hutamwona tena."

Kesho yake mchana ukumbi ukafurika. Mtoto akaachwa nyuma ya pazia na Dafini, fundi wa mavazi. Ianta akaimba. "Rudia!" Akaimba. "Rudia!" Hapo mtoto akaangua kilio, mwili unawaka moto, ghafla tu, mnajua wanavyobadilika hawa watoto, asubuhi anacheka, mchana humtambui.

Dafini akachungulia penye pazia: "Dada, mwanao anachemka! Njoo!"

"Imebaki moja, Dafini. Moja tu!"

Sasa kundi lile lilikuwa na desturi: kelele ikivuja kutoka nyuma, mchekeshaji aigeuze mzaha. Lukoni akamwiga mwanawe, uaa, uaa, huku ananyonya kidole gumba. Watu hoi kwa kicheko. "Rudia!" Ya tatu hiyo.

Ianta akakimbilia nyuma ya pazia. Mtoto kimya. Kimya kabisa.

Mfalme wa Mawingu akanguruma: "Mmoja wenu atageuka jiwe. Semeni ni nani."

"Si mimi," akasema Dafini. "Nilimwita. Ningempelekea mtoto pale pale jukwaani, lakini asiyevaa kinyago haruhusiwi." Na vinyago vilikuwa vimetundikwa juu ya kichwa chake.

"Nilidhani ana njaa," akasema Lukoni. "Nilitaka wacheke, wamwite mke wangu mara ya tatu. Nilikuwa namsaidia!"

Ianta alikuwa bado amemkumbatia mwanawe. "Ningeondoka, mngesema nimemtupa. Nimebaki, mnasema nimemuua. Na wewe baba, uliyeweka sharti, utageuka nini?"



Basi nawauliza ninyi, na hata ninyi mliocheka nilipoiga kile kilio, maana mlicheka, niliwaona: je, nani alistahili kuwa jiwe?