Mtungi wa Buakham

Kale na kale, wajukuu wangu, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake. Sogeeni. Na wewe Tima, toa kidole mdomoni.

Palikuwa na nchi ya Siamu, mashariki ya mbali. Joto kama letu, nazi zipo, wali asubuhi na wali jioni. Kusini visiwa vya mchanga mweupe, katikati mito na mashamba ya mpunga, kaskazini milima na misitu ya misaji, na tembo wakiburura magogo. Lipo na tunda la miba linalonuka hadi njiani, ukilionja unaisahau harufu. Msicheke, ni kweli.

Huko milimani kila nyumba iliweka mtungi wa maji nje ya ua, na kata ya kifuu juu yake. Mpita njia anywe asiombe, anywe aende zake.

Sasa, alikuwepo mjane, Buakham. Mwanawe wa pekee, Inta, alishuka kusini na magogo. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya, wa tatu kimya. Buakham akajaza mtungi kila alfajiri, akiamini kuwa akiwanywesha wana wa wenzake, naye wake atanyweshwa.

Ukaja ukame. Visima vikakauka, majirani wakaipindua mitungi yao. Wa Buakham haukupinduliwa.

Siku moja, jua la utosi, akatokea mgeni, midomo imepasuka kwa kiu. Ni Shekue, mtu wa pwani yetu hii. Watoto wakamzunguka, naye kwa mapenzi, kama tufanyavyo sisi, akampapasa mmoja kichwani. Lo! Huko kichwa cha mtu hakiguswi. Mama mtu akamnyakua mwanawe na milango ikafungwa.

Mtungini mlibaki kata moja tu, na ndiyo maji yote ya Buakham ya siku ile. Jirani akamwambia asimpe, mtu huyu hana adabu.

Buakham akamtazama mgeni. Umri wake ulikuwa wa Inta.

“Huko aliko mwanangu, naye hajui adabu za watu,” akasema. “Kunywa, mwanangu.”

Shekue akanywa, machozi yakimtoka. Akamuuliza, “Nikulipe nini, mama?”

“Ukifika kwenu, weka mtungi nje. Huenda Inta akapita.”

Shekue aliporudi kwao, watu walimjia mbio wasikie habari za Siamu, za tembo na mahekalu ya dhahabu. Akawaambia wangoje, kwanza anatafuta mtungi. Huyo Shekue ndiye aliyemzaa bibi wa bibi yangu.

Inta hajapita hadi leo. Wamepita wengine, na wote walikuwa wana wa watu. Kwa hiyo mgeni akikosea, mpeni maji kwanza, adabu mtamfundisha akishakunywa.

Kisa changu kimefika nyumbani, kimevua viatu. Ila nimeuchungulia mtungi wetu pale mlangoni, nao ni mkavu. Leo zamu ya nani?