Kituo Kimoja cha Kandvadi

Hapo zamani, wala si zamani za majitu, maana pikipiki zilikuwepo, palikuwa na kijiji cha mlimani huko Bara Hindi kilichoitwa Kandvadi. Hakikuwa na barabara. Mgonjwa alibebwa kitandani mpaka mji wa soko, na wengine walifia njiani. Serikali ikatangaza: kijiji chenye watu mia tano kitapata barabara na basi. Pungufu ya hapo, hakuna.

Wanakijiji wengi walikuwa mbali, wakikata miwa. Mkuu wa kijiji akawapelekea habari: karani wa sensa anakuja, rudini.

Dagdu, kiongozi wa wakata miwa, akaweka panga chini.

"Ukiondoka katikati ya msimu, usirudi," nyapara akamwambia.

"Nani kakwambia narudi? Miwa yako kata mwenyewe, tumbo lipungue."

Akaondoka na wenzake wote, kwa miguu.

Shevanta, mke kijana aliyeolewa pale kijijini, alikuwa na mimba ya kwanza. Kwa desturi yao, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa wazazi wa mke. Kaka zake wakaja kumchukua na gari la ng'ombe.

"Panda, dada. Mama anakungoja."

"Msalimieni. Nikipanda, Kandvadi inapoteza wawili."

"Mwanangu, watu watasema nimekuzuia kwenda kwenu," mama mkwe wake akalalamika.

"Waseme wakiwa ndani ya basi, mama."

Akajifungua palepale, bila mkunga wala daktari. Alivuja damu hadi wakaanza kumlilia. Alipona, lakini mtoto alibaki na kifua kinachobana.

Karani akaja, akahesabu nyumba kwa nyumba, na mtoto akahesabiwa. Hawakutimia. Karani akafunga mkoba.

Ng'ambo ya kijito waliishi watu wa tabaka lililodharauliwa. Kazi yao ilikuwa kuzoa mizoga ya ng'ombe wa kijiji. Kila karani alipokuja, mkuu wa kijiji hakumvusha kijito. Siku hiyo pia alinyamaza, ingawa aliona barabara inamponyoka.

Mjane mmoja wa ng'ambo, Hausabai, akavuka maji mwenyewe. Akasimama mbele ya pikipiki ya karani, akashika usukani.

"Mama, toka njiani."

"Sitoki. Nikanyage ukitaka, lakini nihesabu kwanza."

"Hausabai, huna adabu?" mkuu wa kijiji akafoka.

"Ng'ombe wako akioza unatuona, mzee. Leo tuone tukiwa hai."

Karani akavua viatu, akavuka. Aliporudi, walikuwa mia tano kamili. Hakuzidi hata mmoja.

Barabara ikajengwa, na daraja juu ya kijito. Mwishoni akaja fundi na nguzo ya kituo.

"Basi litasimama mahali pamoja tu," akasema. "Nionyesheni. Nikimaliza chai hamjakubaliana, naondoka na nguzo yangu, na basi litawapita."

"Mlangoni kwangu, huku chini," akasema Dagdu. "Wenzangu niliwaleta mimi, na kwa kunifuata wamepoteza kazi. Sasa wataitafuta mbali kila alfajiri. Bila sisi mngehesabu nini, mbuzi?"

"Kwangu, huku juu," akasema Shevanta, mtoto begani. "Wewe ulitembea, Dagdu. Mimi nilichungulia kaburi. Huyu kifua kikimbana, nishuke naye mlima mzima?"

"Kwetu, ng'ambo," akasema Hausabai. "Nyinyi mmehesabiwa siku zote. Sisi tulikuwepo siku zote. Kituo kikikaa kwenu, mtatufukuza hapo. Kikikaa kwetu, mtakuja kusimama nasi."

"Nivuke mimi, niende kwao kungoja basi?" mama mkwe wa Shevanta akauliza.

"Kuna daraja, mama. Mimi nilipita majini."

Watu wakaanza kupiga kelele, kila mtaa na mtu wake. Mkuu wa kijiji akatazama vidole vya miguu yake. Kikombeni pakabaki funda moja.

Haya, nyinyi mnaosikiliza. Mwondoeni mmoja wao yeyote, na barabara haipo. Nguzo ni moja, na fundi anainua kikombe. Je, mngeichimbia mlangoni kwa nani?