Sauti Iliyotoka Mfukoni

Wahenga waliposema nguo ya kuazima haisitiri maungo, walimlenga mtu anayejipamba kwa sifa zisizo zake, akasahau kwamba siku yoyote anaweza kukutana na anayemjua mwenye sifa hizo. Mustapha, fundi cherehani wa Chang'ombe mjini Dodoma, aliijua methali hiyo tangu shuleni, ila aliihesabu kuwa ushauri wa watu wengine.

Alikuwa kijana mtanashati, masharubu yamechongwa kama ya mashujaa wa filamu za Kitamil kutoka India alizozitazama huku akishona. Mungu alimjalia kila kitu isipokuwa sauti. Akiimba, majirani walidhani punda amenasa kwenye seng'enge. Basi alipompenda Naima, binti wa Ihumwa aliyependa nyimbo kuliko chakula, aliiga wafanyavyo waigizaji wale: wao hufumbua midomo tu, huku mwimbaji asiyeonekana akiwaimbia. Alikata kipande cha wimbo mtamu kutoka filamu moja, akamtumia Naima kwa simu, akadai ameimba yeye, na kwamba Kitamil alijifunza mwenyewe.

"Unasema nini humo?" Naima alimwuliza.

"Nasema bila wewe moyo wangu ni shamba la Ugogo wakati wa kiangazi."

Kwa miezi kadhaa Naima aliusikiliza wimbo ule, kila mara hadi simu ikaisha chaji. Sifa zikamfikia baba yake, Mzee Athuman, naye akatoa sharti: posa ataipokea, lakini mposaji aje mwenyewe, aimbe. Mustapha alikosa usingizi. Akikataa, atamkosa Naima. Akiimba, atamkosa vilevile. Mwishowe alificha spika ndogo kwenye mfuko wa kanzu, akaenda Ihumwa.

Sebuleni alimkuta mgeni asiyemtarajia. Mzee Athuman alimtambulisha kuwa ni Bwana Selvam, jirani yake, mhandisi aliyezaliwa India, kwa Watamil, na kuishi Ihumwa miaka mingi. Alikuwa amealikwa makusudi ili naye aburudike kwa lugha ya kwao. Mustapha alimwamkia shikamoo mara mbili.

Maji alikwisha kuyavulia nguo, hakuwa na budi kuyaoga. Akabonyeza spika mfukoni, wimbo ukaanza, akafumba macho na kupanua kinywa kwa huzuni kubwa. Shangazi zake Naima wakafuta machozi. Selvam aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika. Kisha akamsogelea Mustapha, akamwuliza jambo kwa Kitamil. Mustapha alishtuka, akafunga kinywa, akaitikia kwa kichwa. Wimbo ukaendelea mfukoni.

Mzee Athuman akataka kujua mgeni ameuliza nini.

"Nimemwuliza kama mbuzi wake ameshaonekana," Selvam alijibu. "Amesema ndiyo."

Akaeleza kwa upole kwamba wimbo ule ni wa filamu, na humo unaimbwa na mtoto aliyepotelewa na mbuzi, na aliyemwimbia mtoto huyo studioni alikuwa bibi mwenye wajukuu.

Mzee Athuman alitafuta bakora yake. Naima, aliyekaa kati ya shangazi zake, akamtangulia kusema.

"Imba mwenyewe, Mustapha. Kwa sauti yako."

Mustapha aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa shule. Kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika. Naima alicheka hadi akakaa sakafuni, lakini alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu. Akasema sauti mbaya angeizoea, maana hata ya baba yake ameizoea. Kilichomuuma ni kwamba miezi yote ile alikuwa akimlilia mbuzi. Akamwomba baba yake posa isizungumzwe tena mpaka amjue huyo aliyemo ndani ya kanzu.

Mustapha alirudi Chang'ombe uso umemsawijika kwa aibu. Siku hizi humtumia Naima salamu kwa sauti yake ileile ya kukwaruza. Zipo siku Naima hujibu, na zipo siku hanyanyui simu. Naye kijana hathubutu kulalamika, kwa kuwa amekwisha kujionea mbele ya wakwe kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.