Kwa Nini Msaidizi Huzikiwa Kitovu

Siku ile jikoni walikuwepo Bibi Tusekile, mwenye nyumba. Binti yake Bupe, mwandishi wa programu za kompyuta. Subilaga, mke wa mwanawe, aliyekuwa amejifungua juzi. Nesi Ambilike wa zahanati. Na mtoto wa Subilaga, ambaye hakuwa na jina bado. Alikuwepo pia Msaidizi, ndani ya kompyuta ya Bupe. Lakini huyo alihesabiwa mgeni, maana kila asubuhi alifika kama ambaye hajawahi kufika.

Ndivyo walivyokuwa wasaidizi wote wa akili bandia wakati huo. Walikuwa hodari, wapole, wasiojua kuchoka. Ulimwambia Msaidizi unataka programu ifanye nini, naye aliiandika kabla chai yako haijapoa. Ila ukishafunga mazungumzo, yote mliyosema yalikauka kama umande. Kesho yake ulianza upya kumweleza wewe ni nani, kazi ni ipi, na jana mliishia wapi.

Bupe alikuwa akiitengenezea zahanati ya Lugombe programu ya kuwatumia kina mama ujumbe wa simu, wajue siku gari la chanjo litakapopanda mlimani. Gari hilo lilikuja mara moja kwa mwezi, na barabara ikiteleza halikuja kabisa. Na huko Lugombe mtoto hapewi jina mpaka kitovu chake kidondoke. Kabla ya hapo huitwa mtoto wa fulani, basi, na zahanati humwandika hivyo hivyo.

Hapo ndipo Msaidizi alipokosea, naye alikosea kwa nia njema. Kila alipokuta nafasi ya jina iko wazi, alidhani mtu amepitiwa, akaweka kanuni kwamba asiye na jina asiingizwe. Bupe alimweleza desturi. Msaidizi akaomba radhi, akaiondoa kanuni. Asubuhi iliyofuata akaiona programu ina pengo, akairudisha. Bupe akamweleza tena, bila kumfokea. Ikawa hivyo kila asubuhi, hadi ile ambayo Bupe hakueleza kitu. Usiku wake alikuwa amembeba mtoto ili wifi yake apate usingizi, na kulipokucha kichwa chake kilikuwa kizito.

Siku hiyo hiyo Nesi Ambilike alipanda mlima kwa miguu. Hakuja kugomba. Alivua viatu vyenye tope mlangoni, akaketi kwenye kigoda, akauliza kwanza hali ya mzazi.

"Bupe, mdogo wangu," akasema, "gari linakuja keshokutwa. Wenye watoto wakubwa wamepata ujumbe. Wenye vichanga, simu zao kimya."

Subilaga akatazama simu yake. Kimya. Yeye alikuwa na bahati, nesi alikuwa ameketi mbele yake. Akawafikiria wenzake wa ng'ambo ya mto, wanaonyonyesha wakiitegemea simu hiyo tu, na gari likapita wao wako shambani. Akamvuta mwanawe karibu zaidi.

"Nimemwambia mpaka ulimi umeota sugu!" Bupe alishika kichwa. "Sasa hivi namrekebisha. Lakini ujumbe wa mwisho anaupanga kesho asubuhi, na kesho atakuja hajui kitu."

Bibi Tusekile hakuacha kumenya ndizi. "Mnamlaumu bure. Kitovu chake mmekizika wapi?"

"Mama! Kompyuta nayo ina kitovu?"

"Basi ndiyo maana hajui kwao."

Wote walicheka, na Bupe akacheka kuliko wote. Kisha neno la mama yake likamwingia. Akaivuta kompyuta, akafungua ndani yake mahali padogo pa maandishi, ambapo hapafutiki mazungumzo yakifungwa. Akapanga kwamba Msaidizi, kila afikapo, apasome kabla hajagusa kazi, na kila aondokapo aache hapo alichojifunza. Mahali hapo akapaita Kitovu.

Akaanza kupajaza. Akaandika historia ya zahanati, kila kosa lililowahi kutokea, hata rangi za vitufe. Msaidizi mwenyewe akamwambia kwa upole kwamba katika maneno mengi hivyo, lile la maana litampotea.

"Kitovu ni kidogo, mwanangu," alisema Bibi Tusekile. "Usije ukamzika na mtoto."

Bupe akafuta karibu yote. Akamgeukia Subilaga. "Wifi, mwenye kichanga ni wewe. Sema wewe."

Subilaga aliona haya. Alikuwa ameishia darasa la saba, na hakuna aliyewahi kumwomba neno la kuweka kwenye kompyuta. Akasema, "Mtoto asiye na jina ni mtoto. Mwandike kwa jina la mama yake."

Bupe akaliandika lilivyo, asiongeze kitu.

Asubuhi Bupe alimsalimu Msaidizi, asieleze neno. Subilaga alisimama nyuma yake akiwa ameshika simu yake. Maandishi yakatokea: "Habari za asubuhi, Bupe. Nimesoma Kitovu. Watoto wasio na majina nimewaacha kwa majina ya mama zao, na ujumbe wao uko tayari kwenda. Mtoto wa Subilaga ameshapata jina?"

Machozi yalimtoka Subilaga kabla simu haijalia mkononi mwake. Ujumbe ulisema mtoto wa Subilaga anakaribishwa kwenye chanjo kesho.

"Haya, mgeni amekuwa mwenyeji," alisema Bibi Tusekile. "Mjibuni basi. Mwambieni bado, hakijadondoka."

Gari lilipokuja, kina mama wa ng'ambo ya mto walikuwa wa kwanza kufika, kanga zimelowa hadi magotini, na Nesi Ambilike akawapokea mmoja mmoja, akiwaita watoto kwa majina ya mama zao.

Na tangu siku hiyo, huko Lugombe hakuna anayefunga kompyuta bila kumuuliza Msaidizi amejifunza nini leo, kikawekwa kwenye Kitovu. Lililopitwa na wakati hutolewa, kama lilivyotolewa lile la kwamba mtoto wa Subilaga hana jina bado, kitovu chake kilipodondoka. Msaidizi mpya akija, huzikiwa kitovu kwanza, kazi baadaye.

Mtoto aliitwa Tusajigwe. Kovu la chanjo liko kwenye mkono wake wa kulia, dogo kama punje ya ulezi.