Shamba la Mdomo wa Mfereji

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale, maana hadithi hii haibembelezi mtu. Inataka hukumu, na waliotakiwa kuitoa wameikimbia.

Palikuwa na kijiji Upareni, na upande wake wa machweo ulisimama mlima mrefu. Maji ya kijiji hukusanywa katika ndiva, bwawa la udongo walilochimba mababu, kisha hushuka kwa mfereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Hapo walikuwapo watu watatu wenye vipawa.

Togolani alikuwa na jicho. Alisomea kilimo, akarudi na droni yenye kamera ya kupima joto kutoka angani. "Jani lenye maji hutoka jasho likapoa," alipenda kueleza. "Lenye kiu huacha kutoka jasho, likapanda homa kabla ninyi hamjaona lolote." Katika picha zake, shamba lililoshiba lilikuwa la buluu, lenye kiu lilikuwa jekundu.

Mbazi alikuwa na mkono. Ndiye aliyelinda ndiva na mlango wake. Mfereji ukipasuka aliuziba kwa udongo na magome ya migomba, na palipozibwa na Mbazi hata panya hakupata pa kunywa.

Namsifu, dada yake Mbazi, kipawa chake kilikuwa kutoa. Chekeni tu, lakini ni kipawa. Aliachika, akarudi nyumbani na binti yake Niwaeli, na kaka yake akamgawia pembe ya mwisho kabisa, chini ya mlima, kwa kuwa kwao mashamba mazuri hayapewi mabinti. Hata hivyo hakuna jirani aliyegonga kwake akaondoka mikono mitupu. Mwaka ule alitaka jambo moja tu: avune mahindi yake mwenyewe, aache kula jikoni kwa wifi yake.

Mvua ikakatika mahindi yakitoa mbelewele, wakati ambao kiu kidogo huua msimu mzima. Ndiva ikabaki na ujazo mmoja wa mwisho, na zamu ilikuwa ya Namsifu. Zamu ya mtu haiguswi. Lakini pembe yake ilikuwa mbali, na maji ya kufika kule yangetosha kunywesha mashamba yote ya kati. Wazee wakakuna vichwa. Mwishowe wakasema Togolani arushe droni, waone nani ana kiu zaidi. Wakaahidi na zawadi: shamba la mdomo wa mfereji, lile ambalo maji hulifikia kwanza, lililoachwa na marehemu asiye na mrithi. Angepewa atakayeuokoa msimu, naye awe mmoja, kwa sababu mila yao inasema shamba la mdomoni halikatwi.

Droni ya joto hutakiwa kuruka adhuhuri, jua likiwa utosini. Siku hiyo, hata hivyo, ilikuwa ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, na msaragambo ukiendelea hakuna ruhusa ya kushika kazi nyingine. Togolani alijua saa inampita. Akaogopa kuitwa msomi asiye na adabu, akakamata jembe na wenzake. Droni ikaruka alasiri, msaragambo ulipokwisha.

Iliposhuka wakaizunguka simu yake yenye picha. Mashamba ya kati yalikuwa mekundu. Pembe ya Namsifu ilikuwa ya buluu.

"Mama Niwaeli, lako limepoa kuliko yote," Togolani akasema. "Linaweza kusubiri."

"Mbona mahindi yangu yamejikunja tangu asubuhi?"

"Dada, picha haina ndugu," Mbazi akamkata kauli, na watu wakapiga makofi.

Namsifu akawatazama waliopiga makofi. Wengine aliwauguza, wengine aliwapokelea watoto wakizaliwa. Angebisha, angeitwa mchoyo mpaka kaburini.

"Haya, chukueni," akasema, na moyo ukamuuma.

Mbazi akafungua ndiva, akaandamana na maji bila kulala, akiziba hapa, akigeuza pale, na mashamba ya kati yakanyanyua majani. Mahindi ya Namsifu yakakauka yamesimama. Alipomenya mahindi yake akakuta magunzi matupu.

Alasiri moja alikuwa ameketi katikati ya mabua hayo, ubaridi ukamshika mabegani. Akainua macho. Kwa wenzake jua lilikuwa bado linawaka. Kwake mlima ulikuwa umekwisha kulifunika. Hasira ikampanda. Akaenda kumwita Togolani, akamsimamisha pale pale.

"Saa hizi ndizo uliporusha?"

Togolani akautazama mlima, kisha akainamisha kichwa. "Ndizo, mama. Nilipiga picha ya kivuli, si ya maji."

Mavuno yalipoingia ghalani, wakakaa kuamua.

"Kwa pembe moja nilikosea, sikatai," akasema Togolani. "Lakini bila picha yangu zamu isingeguswa, na mashamba ya kati yangekufa."

"Picha haimwagilii," akasema Mbazi. "Bila mkono wangu maji yangeishia njiani."

Namsifu akasimama. "Na maji hayo yalikuwa ya nani?"

Kisha mzee mmoja akakohoa. "Yalikuwa yako, mwanangu. Ila wewe hukutoa. Uliambiwa usubiri, ukasubiri. Anayesubiri hatoi."

"Tena tuseme kweli," akadakia mwingine. "Picha ingekuwa sahihi, angevuna Namsifu peke yake, sisi tungelala njaa. Kosa ndilo lililotulisha. Sasa kosa nalo tulipe shamba?"

Watu wakacheka. Walicheka wakiwa wameshiba, na mimi kicheko hicho sijawasamehe. Kikao kikavunjika bila uamuzi.

Shamba la mdomo wa mfereji mpaka leo halina mwenyewe, magugu yamefika kiunoni. Namsifu yuko jikoni kwa wifi yake, anachekecha unga wa mahindi yaliyonyweshwa kwa zamu yake, na kila jioni wifi humsogezea sahani akimwambia, "Kula, wifi, usione haya. Ni cha kwetu."

Basi ninyi mliosikiliza: yuko mwenye jicho, ambaye kosa lake liliokoa kijiji. Yuko mwenye mkono, ambaye hakumwaga tone, wala hakumsikiliza dada yake. Yuko mwenye maji, ambaye alitoa kwa kudanganywa, naye peke yake ndiye aliyelipa. Shamba ni moja na halikatwi. Je, wewe ungempa nani? Na kama si Namsifu, nani kati yenu atakwenda jikoni kumwambia?