Gunia la Mdomo Mmoja

Zamani, wanyama walipokuwa wakilima na kuuza kama sisi, mvua iligoma kunyesha ng'ambo ya mto. Huku kwa Mfalme Simba mahindi yalistawi mpaka mabua yakainama. Ng'ambo walikuwa wahunzi hodari wenye matumbo matupu, na kwa gunia moja la mahindi walitoa jembe jipya. Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga tele, aliposikia habari hiyo alicheka peke yake shambani. Jembe lake lilikuwa limelika likabaki kama kijiko, na mvua za kupandia zilikaribia. Alikuwa na gunia moja tu la kuuza. Akilikosea hilo, hatalima, na vifaranga watakula vumbi.

Lakini penye mavuno Fisi hakosi. Alikwenda kwa Simba, akajikunyata kinafiki.

"Ewe Mfalme usiye na mfano, hawa wakulima watauza chakula chote nje, nchi ife njaa. Weka ushuru darajani. Kila gunia linalovuka litoe madebe matatu kwa ghala lako. Mimi mtumwa wako nitakusanya."

Madebe matatu ni nusu gunia! Simba, ambaye hupenda sifa kuliko nyama, hakuuliza mkulima hata mmoja. Alinguruma, ikawa sheria.

Basi aliyetoka na gunia alifika ng'ambo na nusu, na kwa nusu hapewi jembe. Wakulima wakabaki na mahindi yao, na Fisi akajitokeza kuwa mnunuzi, tena kwa huruma nyingi. Bei yake? Mpini. Mpini mtupu, usio na jembe. Na hakutaka gunia la kawaida, alitaka lumbesa, lile la kushindiliwa kwa magoti na kushonewa kilemba juu. Magunia yake mwenyewe, aliyoyarundika kwanza akingoja bei ipande, yangevuka bila kuulizwa, kwa kuwa muulizaji ni yeye.

Bi Kanga alikwenda kushtaki.

"Mfalme, Fisi anachukua gunia na nusu, anasema ni moja."

"Gunia ni gunia, mama," Fisi alidakia. "Likiwa na mdomo mmoja ulioshonwa, ni moja. Hayo ya kilemba ni maneno ya wavivu."

Simba alikuwa akitazama manyoya yake majini. "Gunia ni gunia," alisema. "Nikisema, nimesema."

Bi Kanga alirudi akilia kwa hasira. Njiani alikutana na Sungura, akamweleza yote. Sungura alisikiliza, masikio yakasimama.

"Hebu rudia, shangazi. Mdomo mmoja ulioshonwa?"

"Ndivyo alivyosema yule mlafi."

"Basi futa machozi. Tafuta shazia na kamba ya katani."

Bi Kanga alichukua shazia, ile sindano nene ya magunia, akaita majirani. Walifumua magunia ya kijiji kizima, wakayaunga yakawa gunia moja jembamba, refu kama chatu. Wakamimina mahindi yote, wakashona mdomo mmoja. Nguruwe na Nyani wakalibeba mbele, wengine wakafuata wakiimba. Kichwa kilipofika darajani, mkia ulikuwa bado shambani kwa Nungunungu.

Fisi alitokwa na macho. "Haya ni mavuno ya nchi nzima!"

"Lina midomo mingapi, Bwana Ushuru?" aliuliza Bi Kanga.

Fisi alikimbia kumleta Simba. Sungura akainama mpaka chini.

"Mfalme wetu, Fisi anasema ulikosea. Anasema gunia lina kipimo. Kama lina kipimo, basi arudishe vilemba vyote alivyotuibia."

"Nani kasema nilikosea?" Simba alinguruma mpaka daraja likatikisika. "Gunia ni gunia! Pokea madebe yako matatu, wapite."

Wakapita. Ng'ambo kila mmoja akapata jembe lake.

Jioni Simba alifungua ghala lake, akaona madebe matatu yakiwa yamekaa pembeni kwa aibu. "Mavuno ya nchi nzima, ushuru wake ni huu? Fisi, si uliniahidi ghala lijae? Basi lijaze kwa mahindi yako." Fisi akabeba lumbesa zake zote, moja moja, mgongo ukapinda. Wengine husema hajaunyoosha mpaka leo.

Mvua zikanyesha. Bi Kanga alikuwa akilima kwa jembe linalong'aa, vifaranga nyuma yake, alipomwona Fisi akichokonoa tope kwa mpini mtupu.

"Mama Kanga, niazime jembe jamani, nitakufa njaa."

"Kwani hicho si chombo cha kulimia? Ndicho ulichotulipa."

"Hata pole hunipi?"

Bi Kanga aliinua jembe lake, akaendelea kulima. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.